Granola ya Baba Wambura

Jumatatu, 4 Agosti

Wambura yuko nyumbani tangu Ijumaa. Likizo ya wiki mbili kutoka Nairobi, anakopima damu za watu maabara. Mtoto wangu wa pekee. Mpaka sasa nimemwona mgongo tu.

Kila asubuhi ni hivyo hivyo. Anaamka, ananisalimia, anakunywa chai akiwa amesimama kama mtu anayeogopa kuachwa na gari, halafu huyo, anavuka ua wa minyaa kwenda kwa mdogo wangu Njeru. Anarudi jua likiwa utosini. Leo nimejibanza nyuma ya tangi la maji nikachunguza. Nimeona kwa macho yangu mwenyewe. Tabby, mke wa Njeru, alimwekea bakuli. Ndani ya bakuli, granola!

Tabby alinunua oveni ya gesi mwaka jana. Tangu siku hiyo kijiji chetu cha Kiambere hakijapumzika. Anachanganya oti na karanga na asali, anaoka, anatia kwenye mitungi ya kioo, anabeba kanisani watu waonje. Njeru naye anatembea kama aliyevumbua nafaka.

Nimemweleza mke wangu Igoki kwamba mtoto wetu ameibwa kwa bakuli. Akaniambia kama nataka akae, nimwombe akae. Yaani baba mzima aombe! Mashine ya kusaga unga pale sokoni ni yangu. Mtama, mawele, mahindi, yote yamepita mikononi mwangu. Nafaka haiwezi kunishinda.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda kwa Njeru kutafuta mbuzi aliyepotea. Hakuna mbuzi aliyepotea. Njeru alivaa viatu mara moja ili anisaidie, akauliza ni yupi. Nikasema yule mweusi. Akasema yule mweusi anaonekana kutoka hapa, amefungwa kwangu. Nikasema basi ni yule mwingine. Alipoingia vichakani, mimi niliingia jikoni, nikachota konzi ya granola, nikatia mfukoni mwa koti.

Uchunguzi nimeufanya ndani ya kibanda cha mashine baada ya wateja kuondoka. Nimevitandaza vyote juu ya gunia. Oti. Karanga. Ufuta. Zabibu kavu. Kitu cheupe, nadhani nazi. Kifungo. Kifungo ni cha koti langu.

Nimeonja. Ni tamu. Hilo sitalisema popote.

Njeru alimtafuta yule mbuzi mpaka alasiri. Ana moyo mzuri, huwezi kumnyima hilo. Lakini ana oveni.

Jumatano, 6 Agosti

Madukani hapa hakuna oti. Muuza duka aliniuliza oti ni nini. Nikamweleza ni nafaka iliyopigwa ikalala bapa. Akanionyesha chakula cha kuku.

Sikukata tamaa. Nimeamua granola ya kwetu Mbeere iwe ya mtama na mawele. Na ndengu kidogo, kwa nguvu. Nimekaanga katika sufuria kubwa ya Igoki, nikamwagia asali kwa ukarimu. Ikanukia! Nikajiona nimefika. Halafu asali ikapoa, na mchanganyiko wote ukawa zege. Mwiko ulisimama wenyewe. Bado umesimama.

Igoki alikuja akatazama. Akauliza sufuria hiyo ni ya nani. Nikasema ni yake. Akasema vizuri, alitaka tu kujua kama najua.

Nimevunja kipande kwa nyundo nikakitia mdomoni. Jino la nyuma limelia kama kuni mbichi. Jogoo amedonoa mara moja, akarudi nyuma, akanitazama, akaondoka bila kunisema.

Alhamisi, 7 Agosti

Kosa halikuwa langu. Kosa ni la moto. Granola inataka moto wa juu na wa chini, na sufuria ina wa chini tu. Nimelala nikiwaza oveni. Nimeamka nayo.

Chini ya kitanda cha Wambura kuna lile sanduku la bati alilokwenda nalo shule ya bweni. Juu ya kifuniko, kwa rangi nyeupe: WAMBURA KITHAKA. Niliandika mimi mwenyewe, herufi kubwa, ili wasichana wengine wasijifanye hawaoni. Ndani nimekuta soksi moja ya kijani na kipande cha sabuni kilichokauka. Nimekaa na ile soksi kwa muda. Kisha nikaendelea na kazi.

Mawe matatu ndani, trei juu ya mawe, makaa chini ya sanduku, makaa juu ya kifuniko. Oveni! Na haitaki gesi. Tabby atasema nini?

Oti nimeagiza kutoka Embu mjini.

Ijumaa, 8 Agosti

Oti zimefika. Nimechanganya na mtama, kwa sababu siwezi kuonekana nimemwiga Tabby moja kwa moja. Karanga, ufuta, asali. Nimefunga sanduku, nimewasha, nimekaa kwenye kigoda nikingoja.

Sikukumbuka rangi.

Moshi ulitoka mweusi, ukapanda mpaka kwenye nyaya za umeme. Njeru aliuona kutoka kwake, akaruka ua wa minyaa na ndoo mbili za maji, akazimwaga zote. Ameokoa nyumba ambayo haikuwa ikiungua. Alikuwa peku. Miiba miwili mguuni. Nikamtoa miiba, na sikumweleza lolote. Granola ilikuwa na harufu ya geti lililopakwa rangi jana, na sasa ilikuwa pia uji.

Wambura alikuja nyuma yake mbio. Akaona sanduku lake. Herufi zilikuwa zimebambuka, zikabaki AMBU na KIT. Alicheka mpaka akaketi chini. Akaniuliza nilikuwa nikipika nini. Nikasema nakausha mbegu.

Njeru alipoondoka, yeye hakuondoka. Alivuta kigoda akakaa nami karibu na lile sanduku mpaka jua likashuka. Nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo wiki nzima. Nikatafuta la kusema. Nikamweleza bei ya dizeli.

Jumapili, 10 Agosti

Habari kubwa! Granola yangu imejulikana Meru.

Baada ya kanisa Njeru na Tabby walikuja wamevaa vizuri. Njeru alikuwa na koti. Aliketi ukingoni mwa kiti, akakohoa, akasema, "Mkubwa, nimetumwa. Kuna watu wa Meru. Wanasema wameona kitu kizuri katika boma lako, na wanaomba uwakaribishe waje wakiulizie."

Nilimtazama Tabby. Alikuwa ameinamisha uso. Wivu, nikafikiri. Maskini.

Nikauliza hao wa Meru wamejuaje. Njeru akasema kuna kijana anaitwa Muthamia, wa Kinoru, anayefanya kazi na Wambura kule maabara, na ndiye aliyekiona kwanza. Nikaelewa. Wambura amempigia simu, amemsimulia. Mtoto wangu anajivunia baba yake, ila mbele yangu anaona haya.

Nikauliza kama wanajua taabu niliyoipata mpaka kikafika hapo kilipofika. Njeru akasema wanajua, ndiyo maana hawatakuja mikono mitupu. Nikauliza kama watakitunza vizuri, mahali pakavu. Njeru alifikiri kidogo, akasema Kinoru mvua ni nyingi lakini amesikia nyumba yao ni imara. Nikaridhika. Nikasema waje Jumamosi. Kikiwapendeza, wakichukue. Mimi nitatengeneza kingine.

Igoki alipaliwa na chai. Tabby akampiga mgongo. Njeru alinishika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamelowa, akasema wiki nzima alikuwa akiogopa kuja kwangu na jambo hili. Nikamwambia mtu asiogope kaka yake kwa jambo dogo kama hilo.

Walipoondoka, Igoki akasema hakujua nina moyo mkubwa kiasi hiki. Akaongeza kwamba utani mwingine ningeuacha, kwa umri wangu. Sikujua anasema utani gani.

Jumatatu, 11 Agosti

Wambura hakwenda kwa Njeru leo! Alinikumbatia mlangoni nikiwa na mswaki mdomoni, akasema ahsante. Akalia kidogo. Nikamwambia ni granola tu. Akacheka akalia tena, akasema, "Baba, wewe kweli." Nikajua amefurahi.

Alikuja nami mpaka kwenye mashine. Alipima unga wa watu, akafunga mifuko, akapata vumbi jeupe kwenye nyusi kama alivyokuwa akipata zamani. Ushindi. Tabby na oveni yake wakae wakitazamana.

Jumatano, 13 Agosti

Sanduku nimelichoma tupu mpaka rangi yote ikaisha. Sasa halina jina kabisa. Nimeoka trei ya kwanza: imeungua pembeni. Trei ya pili: imeungua katikati. Trei ya tatu nimeisimamia kama mgonjwa, na imetoka rangi ya kahawia nzuri. Ngumu, lakini ni ngumu ya heshima.

Igoki naye ametia chumvi mno. Ameazima viti kanisani. Amechagua mbuzi wa kuchinjwa. Tabby yuko jikoni kwetu tangu asubuhi, wanachambua mchele na kunong'ona. Nikamwambia Igoki kwamba wafanyabiashara hawahitaji mapokezi haya yote, wanakuja kuona kitu na kwenda. Akanitazama sana. Akasema, "Baba Wambura, kapumzike."

Alhamisi, 14 Agosti

Asali ya dukani haitoshi kwa watu wa Meru. Nimepanda mgunga mwenyewe kufungua mzinga. Njeru alisema tungoje giza, na nivae kofia yenye wavu. Nikasema nyuki hawa wananijua.

Wananijua.

Ijumaa, 15 Agosti

Jicho la kulia limefunga. Mdomo wa juu umetangulia mwili wote. Wambura amenikanda kwa maji baridi siku nzima, ananicheka na kunipuliza. Naandika kwa jicho moja. Siku nzuri kupita zote tangu aje.

Jumamosi, 16 Agosti

Nitaandika mambo jinsi yalivyokuwa.

Walifika magari mawili. Akina mama wenye vilemba, wazee wenye fimbo. Walishusha sukari, unga, leso za Igoki, na blanketi langu zito la baridi. Nikafikiri: hawa ni wafanyabiashara wenye adabu. Kijana Muthamia ni mrefu na mwembamba, anainama akisalimia kana kwamba kila mlango ni mfupi. Hawakuuliza lolote kuhusu jicho langu.

Nilisisitiza waonje kabla ya chakula. Igoki alinivuta shati. Sikusikia. Nikapitisha mabakuli mwenyewe. Msemaji wao, Mzee Karwirwa, ambaye ni baba mkubwa wa kijana, akaliweka lake chini kwa uangalifu, akasimama na fimbo yake. Mimi, ili kuwapa mfano, nikajaza mdomo. Wengine kwa adabu nao wakajaza.

Mzee Karwirwa akasema wametoka mbali. Wamepita maboma mengi, lakini katika boma hili wameona ua, na kijana wao halali usingizi. Nikatikisa kichwa. Akasema wanajua ua halikujiotesha, lilitekewa maji na watu. Nikatikisa kichwa tena, ingawa niliona kwamba kwa granola anazidisha.

Kisha akalitaja ua kwa jina. Akasema Wambura.

Wote wakanigeukia. Na mimi sikuweza kusema. Mdomo ulikuwa umejaa, na ule mtama hauna haraka.

Nikatafuna. Nikamtafuta Wambura kwa jicho langu moja. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na chupa ya chai mkononi, mkono mwingine ameshika fremu. Alisimama hivyo hivyo kwenye geti la shule siku nilipomwacha kidato cha kwanza, na mimi nikajifanya nina haraka ya gari. Nikatafuna. Nikaikumbuka Jumapili, koti la Njeru, macho yake. Kikiwapendeza wakichukue, nilisema. Nitatengeneza kingine! Nikatafuna. Nyumba nzima ilikuwa kimya, isipokuwa meno ya wageni.

Ningeweza kukasirika. Nilikuwa na sababu, ingawa zote zilikuwa zangu mwenyewe. Lakini alikuwa akinitazama bila kupepesa, na nikaona kwamba anaogopa. Mtoto wangu ananiogopa mimi, mtu mwenye mdomo kama bata.

Nikameza. Nikasema, "Kuja mmekaribishwa, na hilo nilishalisema. Hilo lingine silijibu mimi. Muulizeni mwenyewe."

Mzee Karwirwa akamuuliza. Wambura akasema, kwa sauti ndogo lakini watu wote walisikia, "Nimekubali. Na Baba akikubali, nimekubali zaidi."

Nikatikisa kichwa. Safari hii nilijua ninakitikisia nini. Akina mama wakapiga vigelegele mpaka mbuzi waliobaki wakakimbia.

Baadaye Mzee Karwirwa aliniambia kwamba ameposea vijana wengi, na hajapata kuona baba aliyelipima neno kwa muda mrefu vile kabla ya kulijibu. Akasema ndivyo wazee walivyokuwa zamani. Nikamshukuru. Granola yake aliiloweka kwenye chai mpaka ikakubali.

Muthamia alimaliza bakuli mbili. Ama anampenda mwanangu sana, ama ana meno mazuri. Yote mawili yanafaa.

Jumapili, 17 Agosti

Igoki amejua. Hajaniuliza kitu, lakini kanisani, wakati wa sala ya kimya, alianza kutikisika mabega, na hakuweza kuacha mpaka Tabby akamtoa nje. Nikamsikia Tabby naye akianza. Njeru hajui. Njeru atabaki anaamini mimi ni mtu mkubwa, na sioni haja ya kumharibia.

Jioni Wambura alikuja kukaa nami pale kwenye sanduku. Akaniambia mambo. Kwamba zile asubuhi zote alikuwa akimbembeleza Njeru aje azungumze nami kwa niaba yake, kama inavyopaswa, na Njeru alikuwa akiahirisha kila siku kwa woga. Kwamba granola haipendi. Inamkwaruza koo. Ya Tabby alikuwa akiwamwagia kuku dirishani anti akigeuka. Kitu anachokumbuka akiwa Nairobi ni uji wa mama yake, basi.

Nikahesabu gharama. Jino, sufuria, sanduku, jicho.

Akasema ameambiwa na mama yake kwa nini niliwasha moto huu wote. Akanishika mkono, ule uliovimba kidogo. "Baba," akasema, "ukitaka nikae nawe, huhitaji kupika kitu. Sema tu, kaa. Nitakaa."

Nikasema nimeelewa. Na kweli nimeelewa. Mtu wa umri wangu haambiwi mara mbili.

Jumatatu, 18 Agosti

Ameondoka asubuhi. Njeru alimbebea begi. Tabby alimpa mtungi wa granola, naye akaupokea kwa mikono miwili na kushukuru vizuri sana, mtoto aliyelelewa.

Mimi nilikuwa nimeliandaa lile neno tangu alfajiri. Ni neno fupi. Hata kwa siku hii moja lingetosha. Kazini anaingia kesho. Akaketi kando ya dereva, akanitazama, akangoja. Gari lote likangoja. Nikafungua mdomo, nikamwambia afunge dirisha, barabara ina vumbi.

Akasema, "Haya, Baba." Alitabasamu. Akalifunga, kisha akaweka kiganja kwenye kioo mpaka wakapita mashine.

Jumanne, 19 Agosti

Nyumba ni kubwa mno. Nimefungua mashine mapema ili kuwe na kelele.

Mchana, akinipakulia githeri, Igoki alitaja, kwa kupitia tu, kwamba Wambura na Muthamia wakitoka kazini hupenda kukaa mahali fulani mjini wakanywa kahawa. Si kahawa ya kawaida. Ile yenye povu la maziwa juu, nene, unaweza kuandika jina. Wanaweza kuikalia saa mbili nzima, wanazungumza tu.

Saa mbili!

Anakuja tena Desemba. Hakuna mtu Kiambere anayetengeneza povu. Njeru hana chombo cha povu, na Tabby hajalisikia bado. Igoki akaniuliza nawaza nini. Nikasema nawaza mvua itanyesha lini.

Nimeosha pampu ya baiskeli kwa sabuni mara mbili, na mpira wake nimeuchemsha. Maziwa ya mbuzi yako tayari kwenye kibuyu, nimeyafunika. Kesho Igoki akienda kuteka maji, naanza.